Kabila, Chumba cha Kupanga na Kura Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila uchaguzi unapokaribia maswali haya hurudi: kwa wanafunzi wanaoandika tasnifu, kwa wapangaji wanaogombana na mwenye nyumba, kwa wagombea wanaotaka kujua "kata hii ni ya nani". Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayokwamisha hata wazoefu. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine utaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Tukisema "nyumba za umma" au "kota" hapa Dodoma, tunamaanisha nyumba zipi?

Zipo za aina kadhaa. Kuna nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962 na ambalo mwaka 1990 liliunganishwa na Msajili wa Majumba, yule aliyekabidhiwa majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971. Ndiyo maana katikati ya miji yetu mingi utakuta magorofa ya zamani yenye mpangaji wa shirika juu na duka chini. Kuna nyumba za Wakala wa Majengo, ambazo kwa sehemu kubwa ni za watumishi. Kuna kota za reli. Na kuna nyumba zilizotokana na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ambayo wazee wa Dodoma hadi leo hawaitaji bila kuguna.

Lakini tusidanganyane. Mtu wa kipato cha chini Dodoma mara nyingi hakai kwenye nyumba ya umma. Anakaa chumba kimoja, au chumba na sebule, kwenye nyumba ya mtu binafsi Chang'ombe, Majengo, Chamwino, Mailimbili au Nkuhungu: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, choo kimoja uani. Kwa hiyo majibu haya yanahusu wote wawili, wa kota na wa chumba cha kupanga, na tofauti zao zitatajwa inapobidi.

2. Ni makabila gani yanaishi kwenye nyumba hizo?

Wagogo ndio wenyeji wa eneo la mji. Warangi wametoka Kondoa, Wasandawe na Waburunge wametoka Chemba na Kondoa, Wanyaturu na Wanyiramba wametoka Singida, na wapo Wakaguru na Wahehe kutoka mikoa jirani. Wasukuma, Wachaga, Wanyakyusa, Wahaya na wengine wamekuja kwa mawimbi: uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, na wimbi kubwa kuliko yote baada ya tamko la Rais Magufuli la Julai 2016 kwamba serikali yote inahamia. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya jiji hilo.

Kwa wanaopenda lugha: Kondoa na Chemba ni mahali pa ajabu, maana Kirangi ni cha Kibantu, Kiburunge ni cha Kikushi, na Kisandawe kina vidoko, zile sauti za kubofya ulimi. Watoto wa lugha zote hizo wakifika Majengo wanakuta Kiswahili, na ndani ya miaka michache wanagombea ndoo moja ya maji kwa Kiswahili hichohicho.

3. Wagogo ni asilimia ngapi ya wapiga kura wa mjini?

Hakuna takwimu rasmi. Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ilikuwa ya 1967. Kuanzia ile iliyofuata hadi ya 2022 swali hilo halipo, na halikusahaulika kwa bahati mbaya. Daftari la kudumu la wapiga kura nalo haliandiki kabila. Mtu akikwambia "kata hii Wagogo ni asilimia 60" muulize amehesabu lini. Mara nyingi ni meneja wa kampeni anayetafuta bajeti.

4. Sheria inaruhusu chama cha siasa cha kabila?

Hapana. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kusajiliwa kwa chama kinachokusudia kukuza maslahi ya dini, kabila au eneo fulani. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inaongeza kizingiti cha vitendo: ili chama kipate usajili wa kudumu lazima kiwe na wanachama wasiopungua 200 wenye sifa ya kupiga kura katika kila mkoa kati ya mikoa kadhaa ya nchi, ikiwamo ya Unguja na Pemba. Chama cha watu wa kwetu tu hakiwezi kupita hapo.

Umoja wa kuzikana wa watu wa Iramba au wa Kondoa ni jambo jingine. Unachangia jeneza, unakodi gari la kusafirisha msiba, unaweka rambirambi. Huo si chama cha siasa. Lakini soma pia swali la 7, maana wagombea wanajua vizuri vikao hivyo hufanyika Jumapili gani.

## Je, watu hupiga kura kikabila?

5. Kwa kifupi tu: mpangaji wa Dodoma humpigia kura mtu wa kabila lake?

Inategemea ni kura ipi. Watu hukosea kwa sababu huuliza swali moja wakati karatasi za kura ni tatu, na kuna ya nne inayopigwa mwaka mwingine.

Kwenye urais, kabila lina uzito mdogo sana. Nyerere alikuwa Mzanaki, Kikwete ni Mkwere, makabila ambayo peke yake hayajazi hata mkoa. Hakuna mtu aliyewahi kuingia Ikulu kwa kuhesabu watu wa kwao, kwa sababu hesabu haitoshi: nchi ina makabila zaidi ya 120, na hata Wasukuma, walio wengi kuliko wote, hawakaribii nusu.

Kwenye ubunge, kabila husikika zaidi kabla ya siku yenyewe ya uchaguzi. Mkoa wa Dodoma umekuwa ngome ya CCM tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, na kwenye ngome ushindani wa kweli huwa kwenye kura za maoni ndani ya chama. Huko wagombea wote ni wa chama kimoja, ilani ni moja, rangi ya shati ni moja. Basi wajumbe hutafuta cha kuwatofautisha: huyu ni mtoto wa hapa, huyu kaletwa, huyu kazaliwa Mvumi, huyu mama yake ni wa Bahi. Kisha vikao vya juu huteua, na si lazima wamteue aliyeongoza. Mpangaji wa kawaida ambaye si mjumbe hajashiriki kabisa katika hatua hiyo, ila Oktoba ataletewa matokeo yake kwenye karatasi.

Kwenye udiwani na uenyekiti wa mtaa, kinachotangulia ni ujirani. Nani anajulikana, nani hujibu simu usiku mtoto wako akikamatwa, nani haombi "ya soda" kabla ya kugonga mhuri. Kabila linaingia kwa mlango wa nyuma: anayejulikana ni aliyekaa muda mrefu, na aliyekaa muda mrefu Dodoma mara nyingi ni mwenyeji. Tazama swali la 11, ndipo penye moto.

6. Mbona Kenya mambo ni tofauti hivyo?

Jibu la haraka la vijiweni ni "Nyerere", na si jibu baya. Serikali yake ilifuta madaraka ya machifu mwaka 1963, ikafanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi, ikapeleka wanafunzi wa sekondari za bweni na watumishi mbali na kwao. Mwalimu wa Kagera alipangiwa Mpwapwa akaoa huko. Mjukuu wake leo hajui ajiandike nani.

Mchumi Edward Miguel mwaka 2004 alichapisha utafiti uliolinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Upande wa Kenya, penye mchanganyiko wa makabila palikuwa na michango midogo zaidi ya shule; upande wa Tanzania mchanganyiko haukuleta tofauti hiyo. Hilo ni kuhusu madawati na si kura, lakini msingi ni uleule: watu wanakubali kuchangia kitu kimoja na asiye wa kwao.

Tatu, hesabu za makabila zenyewe, kama ilivyoelezwa kwenye swali la 5. Na la nne halisemwi sana: kuanzia 1965 hadi 1992 tulikuwa na chama kimoja. Kabila halikushindaniwa kwa sababu madaraka yenyewe hayakushindaniwa na vyama. Ukisifu umoja, hilo nalo uliandike pembeni.

7. Mgombea akipanda jukwaani akaanza na "Mbukwenyi!", huo si ukabila?

Ni salamu ya Kigogo, na jukwaani Dodoma huitoa hata asiyejua neno jingine lolote la lugha hiyo. Wazee wa mbele huitikia, vijana wa bodaboda huko nyuma hucheka, kisha hotuba yote inaendelea kwa Kiswahili. Ni adabu ya kubisha hodi.

Ukabila unaanza salamu ikigeuka hoja: "sisi wa hapa tunajuana", "huyu akishinda atajaza ofisi watu wake". Na kwa kawaida haisemwi jukwaani penye kamera. Inasemwa kwenye kikao cha umoja wa kuzikana, msibani baada ya kula, au kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kijiji fulani. Ukitaka kuisikia, jukwaani hutaipata.

Utani wa makabila ni kitu kingine tena. Mpare na Mchaga wakitupiana maneno kwenye kota, hawajagombana. Ila mgeni anayemwita Mgogo ombaomba na kudai ni utani, huku hana utani naye wowote, ni tusi, na wapo wapiga kura walioamua kumnyima mtu kura kwa sababu hiyo hiyo tu.

8. Tundu Lissu ni Mnyaturu wa Singida. Wanyaturu wa Dodoma na Singida hawakumpa kura kwa kabila?

Swali hili huulizwa kama mtego kutoka pande zote mbili. Lissu alishinda ubunge Singida Mashariki mwaka 2010 na 2015. Lakini alikuwa akigombea jimbo lenye Wanyaturu wengi, na wapinzani wake pale walikuwa ni watu wa palepale. Kabila likiwa sawa pande zote haliwezi kuwa ndilo lililoamua. Wanaomkumbuka Ikungi huzungumzia kesi alizowasimamia na michango ya lazima aliyoipinga.

Mwaka 2020 aligombea urais, na matokeo yaliyotangazwa yalimpa asilimia 13 dhidi ya 84 za Magufuli. Mkoa wa Singida nao ulitangazwa kwenda CCM. Upinzani uliyakataa matokeo hayo ukidai wizi. Kwa hiyo hata anayetaka kuthibitisha kwamba "Wanyaturu walimwacha mtoto wao" hana msingi imara wa kusimamia. Kadri ushahidi unavyoruhusu, hapakuwa na gharika la kikabila.

9. Si kweli kwamba Chadema ni chama cha Wachaga na CUF kilikuwa cha Waislamu?

Hayo ni majina ya kubandikana, na yamefanya kazi kubwa. Kweli Kilimanjaro na Arusha ziliupa upinzani viti vingi. Lakini pia Mbeya, Dar es Salaam na Mwanza, ambako Wachaga si wenyeji. Mwaka 1995 Augustine Mrema, Mchaga wa Vunjo aliyegombea kwa NCCR-Mageuzi, alipata karibu asilimia 28 ya kura za urais nchi nzima, na Wachaga wote wakipanga foleni hawafiki idadi hiyo. Mijini, pamoja na Dodoma, jina hilo la kubandika hutumika zaidi kumtisha mpangaji asionekane na bendera mlangoni.

## Upangaji wenyewe

10. Kama si kabila, ni kitu gani kinaamua kura ya mpangaji wa kipato cha chini?

Ingia nyumba moja ya Chang'ombe jioni. Vyumba vinane, mita moja ya LUKU. Anayetumia pasi anaangaliwa vibaya na mwenye taa moja. Mama wa chumba cha mbele ndiye mweka hazina: kila chumba kinampelekea hela, ananunua umeme, anaandika kwenye daftari la mtoto wa shule. Mwezi ukianza, kwenye risiti anaona makato ya kodi ya majengo. Makato hayo yaliingizwa kwenye LUKU Agosti 2021, kwa kuanzia shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ni ya mwenye nyumba, anayelipa ni mpangaji. Serikali ilisema wamalizane wenyewe. Mrangi, Mgogo na Msukuma wa nyumba hiyo wana hasira moja, na haina kabila.

Ongeza hapo kodi ya pango inayodaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, maji ya mgao, eneo la kufanyia biashara kwa mama lishe na machinga, na mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 (nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu), iliyosimamishwa 2023 kisha ikarejeshwa. Kikundi kilichopata mkopo kinajua nani alikisemea kwenye kata. Kilichokosa kinajua zaidi.

Maoni yangu, na nitayasimamia: Dodoma, kabila linaamua utamsikiliza nani, na upangaji unaamua utamlalamikia nani. Kura ya mtaa na kata hutoka zaidi kwenye malalamiko.

Tofauti ya kota ni hii: mtumishi wa daraja la chini anayeishi nyumba ya umma ana mkataba na taasisi, hana mwenye nyumba wa kugombana naye uani. Hasira yake huenda kwenye paa linalovuja na fundi asiyekuja, na lawama huenda moja kwa moja kwa serikali. Au hazisemwi kabisa. Tazama swali la 13.

11. "Wenyeji" na "wageni": si kabila hilo kwa jina jingine?

Mara nyingi ndiyo, na ndilo swali gumu kuliko yote hapa.

Historia yake ni ardhi. CDA ilipoundwa mwaka 1973 ilikabidhiwa kupanga mji, na kwa zaidi ya miaka 40 familia nyingi za Kigogo zilizokuwa na mashamba na makaburi ya wazee wao zilijikuta ndani ya "eneo la mpango". Malalamiko ya fidia ndogo, fidia iliyochelewa na nyumba kubomolewa yakawa wimbo wa kila uchaguzi. Mei 2017 Magufuli aliivunja na kuhamishia kazi zake kwenye halmashauri, na siku hiyo kuna watu walishangilia barabarani kama timu imechukua kombe. Kisha serikali ikahamia kwa kasi, viwanja vikapanda bei, na yule aliyeuza ekari zake Nzuguni au Iyumbu kwa bei ya shamba akaziona zikiuzwa kwa bei ya mji. Sasa anakaa pembezoni zaidi, au anapanga chumba kwenye mji uliokuwa kwao.

Kwa hiyo neno "mwenyeji" linabeba vitu viwili kwa pamoja: dai halali la aliyepoteza ardhi, na kibali cha kumbagua aliyekuja jana. Mgombea hodari huyachanganya makusudi. Akisema "viwanja vyetu vimekwisha", mzee wa Makulu anasikia fidia, kijana wa Mbeya anayepanga Kisasa anasikia "rudi kwenu".

Ukitaka kupima, uliza: mgeni aliyepanga kwa miaka 20 anahesabiwa mwenyeji? Wakisema ndiyo, ni suala la ukaazi. Wakisema hapana lakini Mgogo aliyekuja mwaka jana kutoka Manyoni ni mwenyeji, basi ni kabila. Nimelisikia swali hili likijibiwa kwa namna zote mbili kwenye kikao kimoja cha mtaa, na mtu yuleyule.

12. Mjumbe wa nyumba kumi ana mamlaka gani juu yangu?

Kisheria si kiongozi wa serikali. Tangu 1992 balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la CCM. Serikali ni mwenyekiti wa mtaa, ambaye anachaguliwa, na mtendaji wa mtaa, ambaye ameajiriwa. Mazoea ndiyo yanayompa mjumbe nguvu: mpangaji mpya anaambiwa akajitambulishe kwake, na wapo wanaodai karatasi yake kabla ya barua ya utambulisho. Kwa mtu anayehitaji barua hiyo kupata kitambulisho, dhamana au mkopo, ni rahisi kuona kwa nini hatataka kuonekana upande wa pili.

13. Mwenye nyumba, au bosi aliyenipa kota, anaweza kujua nimempigia nani?

Kura ni ya siri. Karatasi haina jina lako, na sheria haimpi mtu yeyote haki ya kudai uionyeshe. Kadi ya mpiga kura ni yako pia. Mtu akipita anakusanya kadi "za kuandikisha wanachama", usimpe.

Tatizo lipo kwa yale yanayoonekana: bendera, fulana, mkutano uliohudhuria. Mpangaji wa chumba anaweza kupewa notisi kwa kisingizio cha ukarabati. Mtumishi anayeishi nyumba ya umma hatolewi kisheria kwa sababu ya kura yake, kwa kuwa haki yake ya kukaa inafuata ajira na mkataba, lakini wengi hujichunga wenyewe kabla hajawaonya mtu. Ndiyo maana kuhesabu bendera mtaani ni njia mbovu ya kukisia matokeo.

14. Nikipokea khanga au elfu tano, nimeuza kura?

Anayetoa ndiye anavunja sheria kwanza, ila anayepokea kwa ahadi ya kura naye yumo. Kulikuwa na kipindi "takrima" iliruhusiwa kwa jina la ukarimu wa Kiafrika. Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja 2010. Mitaani watu wameshajiwekea kanuni yao: vyao tunakula, kura ni yetu. Khanga zenye picha za wagombea wanaopingana hukauka kwenye kamba moja uani, na wageni wa utafiti huzipiga picha wakidhani wamegundua kitu.

## Mpangaji anayehamahama

15. Nilijiandikisha Manyoni, sasa napanga Nkuhungu. Nitapiga kura wapi?

Kuna madaftari mawili, na hapa ndipo wapangaji wengi hupotezea haki.

Kwa rais, mbunge na diwani hutumika daftari la kudumu linalosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Jina lako liko kituo ulichojiandikisha hadi uhamishe taarifa wakati wa uboreshaji wa daftari. Usipohamisha, Nkuhungu humo.

Kwa uchaguzi wa serikali za mitaa hutumika orodha nyingine, inayoandikwa upya mtaani kwa ajili ya uchaguzi huo tu, na kigezo ni kuwa mkazi wa mtaa. Kwa uchaguzi wa 27 Novemba 2024 uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Kadi ya Manyoni haikuzuii kuandikwa Nkuhungu kwenye orodha hiyo, na pia haikuandikishi. Lazima ufike mwenyewe.

Matokeo yake kisiasa ni makubwa kuliko kabila. Anayehama chumba kila mwaka hujikuta nje ya madaftari yote mawili, huku mwenye nyumba akiwa ndani ya yote.

16. Jimbo la Dodoma Mjini si moja tena?

Mwaka 2025 Tume iliongeza majimbo nane nchini, likiwamo Mtumba, lililomegwa kutoka Dodoma Mjini. Upande wa mji wa serikali ukawa na mbunge wake. Kama unalinganisha matokeo ya miaka, hakikisha kata unazozifuatilia hazijabadili jimbo katikati.

## Maswali ya pembeni

17. Baba Mgogo, mama Mchaga, nimezaliwa Area C. Kabila langu lipi?

Kwa desturi nyingi utahesabiwa wa baba. Kwa Warangi wa zamani ukoo ulifuata mama, kwa hiyo hata "desturi" si moja. Kwa kura, jibu halina kazi, na watoto wa namna hii mjini wamekuwa wengi mno kiasi kwamba hesabu yoyote ya kikabila inawakata vipande.

18. Kuna nchi inayopanga makabila kwa makusudi kwenye nyumba za umma?

Singapore. Zaidi ya robo tatu ya wakazi wake huishi nyumba zilizojengwa na serikali, na tangu 1989 kuna viwango: kwa mfano, Wamalay wasizidi asilimia 25 ya nyumba za jengo moja. Mwaka mmoja kabla, 1988, walianzisha majimbo ya timu ambamo lazima awemo mgombea wa jamii ya wachache. Wanaosifu husema jamii haziwezi kujitenga. Wanaokosoa husema wachache nao hawawezi kuwa wengi jimbo lolote, na mwenye nyumba wa jamii ndogo hupata shida kuuza.

Sisi hatujawahi kuwa na kanuni ya namna hiyo. Mchanganyiko wa Majengo umeletwa na kodi nafuu.

19. Naandika tasnifu. Niulizeje kabila bila kufukuzwa uani?

Usianze nalo. Anza na muda wa kuishi hapo, anapolipia umeme, mara ya mwisho alipokwenda ofisi ya mtaa. Baadaye uliza lugha anayozungumza nyumbani na mahali babu alipozikwa. Watu hujibu hayo kwa raha kuliko swali la dodoso. Tenganisha kura tatu, usiulize "ulipigia nani" kwa jumla. Usimhoji mpangaji mbele ya mwenye nyumba, na usifuatane na mjumbe (swali la 12) hata akikubembeleza kukuonyesha njia. Barua ya kibali iwe mkononi, maana mtaa utaidai.

Na usikisie kura kutokana na kabila la mtaa na matokeo yaliyobandikwa kituoni. Kituo hakina kabila, na waliojiandikisha hapo si wote wanaokaa hapo (swali la 15).

20. Nitumie matokeo ya mwaka gani kupima kabila na kura?

Si 2019, kwa kuwa Chadema na vyama vingine vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Si 2025 pia: Chadema haikuwamo, mgombea urais wa ACT-Wazalendo aliondolewa, na siku za uchaguzi zilitawaliwa na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Ya 2020 ina utata ulioelezwa kwenye swali la 8.

Inabaki 2015. Magufuli, mtu wa Chato, alipata asilimia 58.46, na Lowassa, Mmasai wa Monduli aliyekuwa ametoka CCM miezi michache tu kabla, akapata asilimia 39.97. Dodoma hakuna aliyekuwa wa kabila la wenyeji kati ya hao wawili. Chukua kata moja ya wapangaji na moja ya wenye nyumba, linganisha kura za urais, ubunge na udiwani, na uanze kazi hapo.